Joto la Pwani na Baridi ya Kichiwa: Mjadala

Nchi ya Wabena, ambayo Kichiwa ni sehemu yake, imeinuka kutoka usawa wa bahari kwa kimo ambacho mnazi haukubali kuota wala mtu hathubutu kulala nje. Makambako, mji wa njia panda ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, umepita mita 1,600. Na Njombe, ulio kiasi cha kilomita 60 kusini yake, unakaribia mita 2,000. Wajuzi wa elimu ya hewa hukadiria kwamba kwa kila mita 1,000 mtu azipandazo, joto hupungua nyuzi sita hivi. Na kwa hesabu hiyo, msafiri aliyepanda basi Dar es Salaam alfajiri huku jasho likimtiririka, huteremka Makambako katika hewa iliyopungua nyuzi kumi au zaidi, hali hakuvuka mpaka wa nchi, hakubadili fedha, wala hakusikia lugha nyingine ila ile aliyoondoka nayo nyumbani.

Ndiyo maana taabu ya msafiri huyo haihesabiwi kuwa taabu. Aliyekwenda Ulaya huulizwa na kila amwandikiaye habari za baridi, akaonewa huruma. Bali mwalimu, muuguzi, bwana shamba, askari au mtumishi wa reli aliyetoka pwani akaletwa nyanda za juu kwa barua ya kupangiwa kazi huambiwa kwamba nchi ni moja, kwamba yuko kwao, basi na afanye kazi. Nimeona ni wajibu jambo hili lizungumzwe kwa adabu na kwa dalili. Kwa hiyo nimewakusanya kwa kalamu wasemaji wanne ambao maneno yao husikika kila mwaka katika nchi hii: Mwalimu aliyezaliwa Pangani, Kijana wa Kichiwa alimaye viazi na maparachichi, Muuguzi, mama wa makamo, mtu wa Lindi, na Mzee wa Kibena ambaye ujana wake aliutumia katika mashamba ya mkonge. Majina yao nimeyaacha, maana hoja hizi ni za watu wengi. Mimi nimeshika kiti cha uenyekiti, na swali nililoliweka mbele yao ni hili: mtu aliyehamia nchi ya baridi kutoka nchi ya joto, akawa anaitamani hewa ya kwao, je, anatenda haki, au anaikufuru neema ya mahali panapomlisha?

MWALIMU: Mzee wangu, shikamoo. Bwana Mwenyekiti, na nyote mliohudhuria, nawaamkia kwa heshima. Mimi nimezaliwa pale mto Pangani unapoingia baharini, nikalelewa katika nyumba ambayo mlango wake wa mbele hufunguliwa alfajiri na haufungwi mpaka watu waendapo kulala. Sidai kwamba joto ni raha tupu, kwa kuwa kaskazi ivumapo mwezi wa Januari mwili hunata na usingizi hupatikana kwa shida. Lakini joto hilo hilo ndilo lililotujengea baraza. Kwa kuwa baada ya alasiri ndani ya nyumba hakukaliki, watu wote hutoka nje. Na wakiisha kutoka nje hawana budi kuonana. Na wakionana hawana budi kuamkiana, kuulizana habari za wagonjwa, kuwapatanisha waliogombana, kumsomea barua asiyejua kusoma, na kumpa mpita njia kikombe cha kahawa kabla ya kumwuliza aendako. Hapana mtu aliyekaa akaupanga ujirani huo. Hewa ndiyo iliyoulazimisha, na sisi tukauzoea mpaka tukadhani kwamba ndivyo ulimwengu wote ulivyo.

Hapa Kichiwa, mwezi wa Juni ukiingia, ukungu hushuka kabla ya magharibi, milango yote hufungwa, nami hubaki katika nyumba ya mtumishi yenye bati lisilo na dari, upepo ukipita baina ya bati na ukuta kama kwamba nyumba haina mwenyewe. Saa moja ya usiku kijiji kimenyamaza. Basi nisemapo kwamba nalikumbuka joto, sina maana ya jua lichomalo ngozi. Nayakumbuka yale yote ambayo jua likiisha kutua huwaruhusu watu kuyafanya pamoja. Mtu akilaumiwa kwa sababu ya kuwakumbuka watu, insafu iko wapi?

KIJANA: Mwalimu, nakuheshimu, maana wadogo zangu unawafundisha wewe; lakini heshima haitanizuia kusema yaliyomo moyoni. Baridi hii uilalamikiayo ndiyo riziki yetu. Viazi mviringo vinavyoliwa Dar es Salaam, na huko kwenu Tanga pia, vingi hutoka katika udongo huu na hewa hii. Chai ya Luponde na Lupembe, mbao za misindano, maparachichi yanayosafirishwa ng'ambo, vyote hivyo ni zao la baridi, na ungetuletea hapa joto la Pangani kwa siku moja tu, sisi tungefilisika. Tena tazama miti inayokuzunguka. Miwati asili yake ni Australia, ikapandwa hapa Njombe kwa ajili ya magamba yake yatumikayo kutengenezea ngozi, na kampuni yake imekuwapo tangu mwaka 1949. Misindano mingi unayoiona asili yake ni Meksiko, na parachichi vilevile lilitoka upande huo huo. Na kiazi ni mwenyeji wa milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Wote hao ni wageni waliotoka mbali kuliko Pangani, na wote wamekita mizizi wakazaa. Kwa nini mtu ashindwe na mti? Atamaniye hewa ya kwao kila jioni huwafundisha watoto, pasipo kukusudia, kwamba mahali pao ni pa adhabu.

MUUGUZI: Mwanangu, umesema kwa ufasaha, lakini hoja yako ya miti inageuka na kuwa shahidi wangu. Mche wa parachichi hauji Njombe kwa bahati. Kabla haujapandwa, aupandaye huuliza habari za udongo, kimo cha mahali, baridi ya usiku na mvua ya mwaka. Tena huchagua aina ifaayo, akauandalia shimo na samadi, akaukinga na sakitu ungali mchanga. Wewe mwenyewe hulimi viazi katika kinyungu cha bondeni mwezi wa Julai bila ya kuhofia sakitu usiku. Na mnazi hakuna mtu aliyeuleta Kichiwa, kwa sababu kila mtu ajua kwamba ungekufa. Basi nakuuliza: alipoletwa mwalimu huyu kutoka Pangani, nani aliyeuliza habari za ngozi yake, nguo zake na nyumba atakayolala? Mti umefanyiwa hisani ambayo binadamu hakufanyiwa, kisha unamlaumu binadamu kwa kutokuwa mti.

Nami nitaongeza jambo la kazi yangu, maana si lote la moyo. Jingine ni la mwili. Mgeni wa kutoka pwani, akiona haya kusema kwamba anaumia, hatauliza namna wenyeji wanavyojikinga. Atanunua jiko la mkaa, atalipuliza ndani ya chumba alalacho, ataziba dirisha kwa kitambaa na mlango kwa gunia, atalala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu ikachukua nafasi ya hewa ya uhai. Na alalaye hahisi kitu ila kuumwa kichwa na uzito wa usingizi, pengine asiamke tena. Wenyeji huota moto jikoni, kisha wakaenda kulala chumba kingine chini ya mablanketi, moto ukiwa umebaki ulikokuwa. Jambo hilo hulijua tangu utotoni, wala hawakumbuki nani aliyewafunza. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga: mama wa pwani aliyezoea kumlaza mwanawe na kanga moja hajui kwamba hapa mtoto lazima afunikwe kichwa na miguu, tena awekwe kifuani ngozi kwa ngozi. Nimesimama penye vitanda vya wagonjwa wa vichomi, nami nashuhudia kwamba kuikana baridi hakumkingi mtu nayo. Anayesema wazi, “Kwetu si hivi, nifundisheni,” huyo husalimika upesi kuliko ajifanyaye shujaa.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nanyi nyote, kamwene. Nimesikiliza kwa makini, na nimeona kwamba mnazungumza kana kwamba njia hii baina ya pwani na kwetu imepitwa upande mmoja tu. Kabla ya mtu wa Pangani kuletwa Kichiwa, watu wa nchi hii walikwisha kwenda Pangani na Tanga kwa maelfu. Mkonge ulitaka mikono, na mikono ilitafutwa hapa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, tuliyoiita Silabu, na Njombe ilikuwa mojawapo ya nchi walikochukua watu. Baba yangu alikwenda kwa njia hiyo akaitwa manamba. Nami, katika miaka ya kwanza ya uhuru, nilimfuata kwa miguu yangu mwenyewe, kwa kuwa hapa hapakuwa na mahali pengine pa kupata fedha za kodi na za mahari.

Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa siku 30 za kazi. Siku usiyoimaliza kazi yako haikuandikwa. Sasa nisikilizeni ninyi msemao kwamba baridi ni adui wa mtu. Joto la Tanga lilinipiga nisiweze kula. Maji ya kunywa yalikuwa vuguvugu, nami nilitoka mahali ambapo ukichota maji kijitoni meno yanauma. Usiku nilitoka chumbani nikalala nje chini, na mbu wakanimaliza. Na homa ile ya malaria, ambayo wenyeji huizoea tangu utoto, sisi wa milimani tulikutana nayo tukiwa watu wazima wenye damu isiyoijua. Wako wenzangu waliozikwa kule. Na tulipokuwa tukikaa jioni, hatukuzungumza habari za fedha. Tulizungumza habari za ukungu, moshi wa jikoni, na ulanzi wakati wa masika mianzi inapochipua. Kijana wangu, babu yako nami tulililia baridi kama Mwalimu huyu aliliavyo joto, wala hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba tunaikufuru Tanga.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mzigua, mwenyeji wa kule. Aliniona nimeketi juani mchana kama mtu wa Kichiwa aotavyo jua, akacheka kwa upole, akanifundisha joto. Akaniambia niamke kabla ya alfajiri na kuingia shambani kungali giza, ili jua likikaza niwe nimeufunga mtita wangu wa mwisho. Nisinywe maji mengi kwa mkupuo. Nipumzike mchana bila ya kuona haya, maana kulala mchana kule si uvivu. Na jioni niende nikakae nje pamoja nao. Nilikuwa nadhani hekima ni kustahimili. Yeye akanionyesha kwamba joto lina elimu yake, na elimu hiyo ni mali ya wenyeji, nayo hutolewa bure kwa aombaye. Mimi nina deni la mzee yule, na sikulilipa kwake. Basi nitamlipa nani, kama si huyu mwana wa pwani aliyeletwa mlangoni kwangu?

KIJANA: Babu, neno lako zito, sitalipinga. Lakini niruhusu nilete hoja moja ambayo bado haijajibiwa, nayo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Wewe ulikwenda Tanga ukatamani kwenu, kisha ukarudi. Shamba la mkonge halikudhurika, wakaandikisha mwingine. Bali Mwalimu akiitamani Pangani, huandika barua ya kuomba uhamisho. Naye akiondoka, darasa la watoto wa Kichiwa hubaki bila ya mwalimu wa hesabu. Muuguzi akiondoka, zahanati hubaki na foleni. Shauku ya mmoja huwa hasara ya kijiji kizima. Nasi tulio huku tumeona wengi waliokuja wakiwa na sanduku lisilofunguliwa, wakaishi juu ya sanduku hilo mpaka siku ya kuondoka. Je, hapo pia tuseme kwamba shauku ni haki?

MWALIMU: Ndugu yangu, umeuliza swali la haki, nami sitalikwepa. Nitakujibu kwa habari ya watu walio bora kuliko mimi. Masahaba wa Mtume walipohama Makka kwenda Madina, hewa ya Madina haikuwakubali. Wengi walishikwa na homa, na Bilal, ambaye imani yake haina mtu awezaye kuitilia shaka, alikuwa homa ikimpungua anainua sauti akiyataja mabonde ya Makka na majani yaotayo huko, akitamani kulala tena usiku mmoja kati yake. Bibi Aisha alipozipeleka habari hizo kwa Mtume, Mtume hakumkemea Bilal kwa kuikumbuka Makka, wala hakusema kwamba kuyakumbuka majani ni upungufu wa imani. Alimwomba Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na aiondoe ile homa. Tafakari dua hiyo ilivyo: haikuomba mapenzi ya kale yafutwe, iliomba mapenzi mapya yaongezwe, na madhara yaondolewe. Basi mbele ya shauku mambo ya kufanya ni mawili, kupendezeshewa mahali papya na kuondolewa taabu yenyewe. Na katika hayo mawili, kumlaumu mwenye shauku hakumo.

Na dini haioni baridi kuwa jambo dogo. Amr bin Aas, katika safari ya vita vya Dhatus-Salasil, alipambazukiwa na usiku wa baridi kali akiwa na janaba, akahofu nafsi yake kwa maji, akatayamamu kwa udongo badala ya kuoga, akawasalisha wenzake. Na Mtume alipoelezwa alitabasamu, hakumlaumu. Mimi nikiwa Pangani nilisoma mlango huo wa tayamamu kama habari ya nchi za mbali. Hapa, alfajiri ya Julai, ninapoligusa birika, naelewa kwamba sheria iliandikwa na Ajuaye. Basi huchemsha maji yangu ya udhu, na katika kuchemsha huko sioni unyonge.

Kuhusu sanduku lisilofunguliwa, nakubaliana nawe kwamba lipo. Lakini chunguza walioondoka, utaona kwamba aghalabu hawakuondolewa na ile nyumba waliyoikumbuka. Waliondolewa na nyumba waliyoikuta. Nami nina jambo moja ambalo huwaonyesha wanafunzi wangu katika somo la jiografia. Upepo huu utokao kusini mashariki, utuleteao ukungu na manyunyu kuanzia mwezi wa Mei mpaka Agosti, si mwingine ila ni kusi, ule ule uliokuwa ukivisukuma vyombo vya tanga kutoka kwetu kwenda Arabuni. Huja kutoka baharini umebeba unyevu, ukafika chini ya milima hii, ukalazimika kupanda. Na kila upandapo hupoa, unyevu wake ukageuka ukungu. Miezi ambayo pwani twaiita kipupwe, tukashukuru kwa kupumzika na joto, ndiyo hiyo hiyo ambayo hapa watu hujifungia ndani. Watoto wakiisha kujua hayo huniuliza habari za bahari kwa shauku kubwa. Sijaona hata mmoja aliyeona kwao ni pa adhabu kwa kuwa mwalimu wake anapapenda kwao.

MUUGUZI: Nami nitaongeza neno kuhusu wale waliokwenda katika baridi kubwa kuliko hii, maana wanatufundisha jambo. Salim bin Abakari aliandamana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akayaeleza mambo aliyoyaona katika habari ya safari iliyochapwa pamoja na safari nyingine za Waswahili. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alifika Hamburg mwaka 1867 kufuata ndoa, akafiwa na mumewe baada ya miaka michache, akaishi miaka mingi katika baridi ya Ujerumani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1924. Siberia ina baridi kuliko Hamburg mara nyingi, lakini kwa Salim baridi ilikuwa maajabu ya kusimuliwa, na kwa Salme ilikuwa huzuni ya kuishi nayo. Tofauti yao haikuwa katika kipimo cha nyuzi. Mmoja alijua kwamba safari ina mwisho na mlango wa kurudi u wazi. Mwingine mlango wake ulikuwa umefungwa nyuma yake.

Basi mkitaka watumishi wasiondoke, msiwafungie mlango wa kurudi, wafungulieni. Likizo ya shule ya mwezi wa Juni huangukia katika baridi: mwalimu wa pwani apewe nafasi ya kwenda kwao akaote joto, naye atarudi. Anayejua kwamba anaweza kwenda hukaa kwa moyo mweupe. Asiyejua hukaa akihesabu. Na sisi wa pwani tusije mikono mitupu. Chai ya tangawizi tunayoipika kwetu wakati wa mvua inafaa hapa kuliko kule, nami sijapata kumpa mtu wa Kichiwa kikombe chake akakikataa.

MZEE: Sasa Mwalimu, nitakufundisha jambo moja, kisha ninyamaze. Umesema kwamba hapa hakuna baraza, kwamba milango hufungwa na kijiji hunyamaza. Mwanangu, baraza ipo, iko jikoni. Jiko letu ni kibanda kilicho mbali na nyumba, na ndani yake moto wa kuni za miwati huwaka tangu jioni. Hapo ndipo tunapokaa, wanaume kwa wanawake, watoto wakifukua viazi katika majivu ya moto, na hapo ndipo mashauri yote ya mji yanapokatwa, posa zinapozungumzwa, na waliogombana wanapopatanishwa. Majirani nao huja, wakapiga hodi, wakasogezewa kigoda. Wewe hukuyaona hayo kwa sababu ulikuwa ukitazama barazani, na barazani hapa hapakaliki. Nasi hatukukuita kwa sababu tuliona kwamba mwalimu ni mtu wa sebuleni, tukaona haya kumketisha penye moshi.

MWALIMU: Na mimi, Mzee wangu, katika malezi yangu jikoni ni pa wanawake, na mwanamume mgeni aingiaye jiko la watu hukosa adabu. Niliuona moshi kila jioni, nikapita kando kwa heshima.

MZEE: Basi umeona. Adabu yako na haya yetu vimekutana njiani, kila kimoja kikampisha mwenzake, na hakuna aliyepita.

MWENYEKITI: Hoja zimetimia, na sasa sina budi kutoa uamuzi niliouona katika maneno yenu. Imethibitika kwangu kwamba kuitamani hewa ya kwenu ni haki. Hewa ndiyo iliyoupanga muda wa kutoka na wa kuingia, mahali pa kuketi na watu wa kuketi nao, na atakaye kumnyima mtu kumbukumbu ya hewa yake amemnyima kumbukumbu ya malezi yake. Haki hiyo ni ya Mzee katika Tanga kama ilivyo ya Mwalimu katika Kichiwa. Kijana naye amesema kweli kwamba kijiji kina haki juu ya mtumishi wake, na kwamba watoto hawawezi kulipishwa kwa sababu ya shauku ya mtu mzima; lakini haki hiyo ya kijiji haitimizwi kwa kulaumu. Hutimizwa kwa kufunza, kama yule mzee wa Kizigua alivyomfunza manamba, na mwenye kuona kwamba kazi hiyo ni ndogo na akumbuke maneno ya Muuguzi kuhusu mkaa na chumba kilichozibwa.

Lakini nisingependa mzigo wote ubebwe na majirani wawili wema. Aandikaye barua ya kumtoa mtu pwani na kumpeleka milimani anajua kimo cha mahali na baridi ya miezi yake, maana ni mambo yaliyokwisha kupimwa tangu zamani. Basi na amwarifu anayekwenda kabla hajafunga mizigo yake, amjengee nyumba iliyopigwa dari, ampe likizo wakati wa baridi kila iwezekanapo, na asimwachie kugundua peke yake, usiku wa kwanza, yale ambayo mtoto wa miaka saba wa Kichiwa ameyajua. Tumejifunza kuwatuma watu wetu nchi nzima, na jambo hilo limetuunganisha kuliko hotuba nyingi. Lakini umoja haumaanishi kwamba nchi yote ina hewa moja, na mtumishi aliyetumwa kwa ajili ya umoja huo anastahili kupokewa kama mgeni kabla ya kudaiwa kama mwenyeji. Mwenyeji na amwite jikoni mwezi wa Mei, kabla baridi haijakaza. Na mgeni, akiitwa, aweke kando adabu aliyokuja nayo kwa jioni ile, aingie, aketi, aulize kila asilolijua, kisha awasimulie wenyeji wake habari za bahari bila ya kuficha kwamba anaipenda.